Njia ya Sifuri: Kutoka Katoro Hadi Baharini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, SEACOM na EASSy, zilikatika katika kipande cha kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Shirika la NetBlocks, linalofuatilia hali ya intaneti duniani, liliitaja Tanzania pamoja na kisiwa cha Mayotte miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Nape Nnauye, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, aliwaeleza wananchi chanzo cha tatizo. Kwa SEACOM lilikuwa pigo la pili ndani ya miezi mitatu, maana tarehe 24 Februari mwaka huohuo upande wake wa kaskazini ulikuwa umekatika katika Bahari ya Shamu. Kutoka Katoro mkoani Geita hadi mahali nyaya zilipokatika mwezi Mei ni zaidi ya kilomita 2,500. Umbali huo haukuwa kinga.

Habari za nyaya zilijaa redioni na magazetini wiki ile. Mazungumzo haya yanahusu kitu kidogo zaidi, ambacho msikilizaji wa Shinyanga, Kahama au Geita anacho jirani kabisa, pengine juu ya kabati la ofisi anayofanyia kazi. Ni mstari mmoja ndani ya ruta. Mstari huo huiambia ruta ipeleke wapi kila kitu isichokijua, na katika ukanda wa dhahabu, ambako karibu kila kinachotafutwa mtandaoni kiko mbali, mstari huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi.

Mafundi huuita njia chaguo-msingi. Ruta ni sanduku lenye jedwali la njia. Kila pakiti ya data inapoingia, ruta husoma anwani ya mwisho wa safari, kisha hutafuta katika jedwali mstari unaolingana na anwani hiyo kwa ukaribu zaidi. Mstari unaotaja kundi dogo la anwani huushinda unaotaja kundi kubwa. Pasipo mstari wowote unaofaa, pakiti hutupwa, na aliyeituma huenda akarudishiwa taarifa kwamba mahali hapo hapafikiki. Njia chaguo-msingi ndiyo inayozuia kutupwa huko. Huandikwa 0.0.0.0/0, ndiyo sababu hapa tutaiita pia njia ya sifuri; maana yake ruta isilinganishe tarakimu yoyote ya anwani, hivyo anwani zote zaidi ya bilioni 4 za toleo la nne la itifaki ya intaneti zinaingia humo. Katika toleo la sita huandikwa kwa nukta pacha mbili, mkwaju na sifuri. Kwa kuwa ndiyo pana kuliko zote, ndiyo dhaifu kuliko zote: njia yoyote nyingine inayojulikana huipita.

Dereva wa Fuso anayetoka Nyarugusu anajua kwa kichwa barabara za Katoro, Geita mjini na Masumbwe. Akipewa mzigo wa Songea au wa Lusaka, ambako hajawahi kufika, anaelekeza usukani Kahama, kwa kuwa huko barabara kubwa zinakutana na mbele ataulizia. Ruta ya tawi dogo hufanya hivyohivyo, na haina sababu ya kujua zaidi. Jedwali la njia za dunia nzima sasa lina mistari takriban milioni moja. Tarehe 12 Agosti 2014 lilipovuka mistari 512,000, ruta nyingi za zamani, zilizotengewa kumbukumbu ya kiwango hicho, zilishindwa kazi katika nchi mbalimbali. Sanduku linalohudumia ofisi ya mnunuzi wa dhahabu pale Mbogwe halihitaji kubeba ulimwengu. Linahitaji kujua majirani zake, na mlango mmoja wa kutokea ulio wa kweli.

Hapo kwenye ukweli wa mlango ndipo penye shida.

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kukusanya wilaya zilizokuwa chini ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mpaka wa kiutawala ulihama, dhahabu ikabaki ilipokuwa: mgodi mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu kule Kakola, Buzwagi iliyofunga uchimbaji karibu na Kahama, na kati yao maelfu ya maduara, makarasha na mitambo ya kuchenjua marudio ya wachimbaji wadogo. Tarehe 17 Machi 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua soko la dhahabu mjini Geita, la kwanza la aina yake nchini, na masoko mengine yakafuata. Tangu hapo mauzo halali ya dhahabu yana sura ya ofisi: mizani, ofisa wa Tume ya Madini, mrabaha, na malipo ya Serikali yanayopita kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa kielektroniki. Mtandao ukikatika, namba haitoki. Mchimbaji aliyekesha na wenzake wakisubiri mgao anakaa benchi na mzigo wake mfukoni, jambo lisilo salama hata kidogo katika miji ile.

Kwa hiyo tuuchore mtandao wa mfano, usio wa kampuni yoyote. Ofisi kuu iko Kahama. Matawi yako Kakola, Masumbwe, Katoro na Geita mjini, yakiunganishwa kwa redio za mnara hadi mnara. Kahama imevuta faiba hadi kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ule ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaosimamiwa na TTCL. Geita mjini ina redio ya pili, ya kampuni tofauti, inayorusha mawasiliano hadi Mwanza. Milango ni miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba.

Katika ruta za Cisco, mlango wa Kahama huandikwa kwa amri moja: ip route, kisha sifuri nne, kisha sifuri nne tena, kisha anwani ya ruta ya mtoa huduma iliyo upande wa pili wa faiba. Katika MikroTik, ruta kutoka Latvia zilizoenea kwa watoa huduma wadogo kwa sababu ya bei yake, maneno hubadilika kidogo lakini maana ni ileile. Kosa la kwanza hutokea hapahapa. Fundi, badala ya kuandika anwani ya ruta inayofuata, huandika jina la mlango wa Ethaneti tu. Ruta huamini basi kwamba dunia nzima imechomekwa moja kwa moja kwenye waya ule. Kwa kila anwani mpya itaita kwenye waya, ikiuliza mwenye anwani hiyo ni nani. Jirani akiwa na tabia ya kujibu kwa niaba ya wengine, mtandao utafanya kazi na kosa litajificha. Kumbukumbu itaendelea kujaa majibu hayo, na siku jirani atakapobadilishiwa mpangilio asijibu tena, kila kitu kitazimika bila mtu wa Kahama kugusa chochote.

Kuandika mstari katika ruta moja ni jambo la dakika moja. Matawi manne yataupataje? Njia ya kizamani ni kwenda tawi kwa tawi na kuuandika kwa mkono. Mtandao ukiwa na umbo la mti, wenye shina moja na matawi yasiyokutana, njia hiyo inafaa kabisa na haina aibu. Lakini Kakola ikiunganishwa na Kahama na pia na Geita, mkono hautoshi, kwa sababu mstari ulioandikwa kwa mkono haujui redio ya mnara wa kati imepigwa na radi. Ndipo ruta zinapotakiwa kuzungumza zenyewe. Itifaki ya RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, tayari ilikuwa imetenga anwani ya sifuri kwa kutangaza njia hii. Leo mitandao mingi ya ukubwa wa kati hutumia OSPF, ambayo maelezo ya toleo lake la pili yanayofuatwa yaliandikwa na John Moy na kutolewa Aprili 1998. Ruta ya Kahama ikipewa amri ya default-information originate, huwaambia wote: msichokijua, nileteeni.

Tangazo hilo lina sharti lililojengewa ndani, na uzuri wote wa jambo uko kwenye sharti hilo. Ruta haitangazi mpaka yenyewe iwe na njia ya sifuri katika jedwali lake, tena iliyotoka nje ya OSPF. Faiba ikikatika kiasi cha mlango kuzimika, mstari hutoka kwenye jedwali, tangazo huondolewa, na matawi yote hupata habari ndani ya sekunde chache. Ruta ya Kahama ikizimika yenyewe kwa kukosa umeme, majirani walioachiwa mpangilio wa kawaida wa Ethaneti hukaa sekunde 40 bila kusikia salamu inayotumwa kila baada ya sekunde 10, kisha huihesabu kuwa haipo.

Lipo neno la ziada linaloweza kuongezwa mwishoni mwa amri: always. Likiwepo, ruta hutangaza mlango hata kama haina pa kutokea. Mafundi wengi hulizoea kwa sababu siku ya kwanza ya kazi, kabla faiba haijawashwa, lilifanya matawi yaonekane yamepata njia. Lina matumizi halali. Ruta inayobeba jedwali zima la dunia, kwa mfano, haina mstari wa sifuri na haiuhitaji, na bila neno hilo haiwezi kuwaambia wadogo zake wapitie kwake. Lakini katika ofisi yenye milango miwili kama hii ya mfano, kuliacha neno hilo pale Kahama ni kuwaita watu kwenye daraja lililobomoka. Katoro itaendelea kutuma kila pakiti Kahama, Kahama itaendelea kuzitupa, na redio ya Geita itakaa bila kazi huku foleni ya wateja ikirefuka.

Upande wa Geita unataka utulivu zaidi. Kila chanzo cha njia kina kiwango chake cha kuaminiwa ndani ya ruta, na namba ndogo ndiyo inayoshinda: mstari wa mkono una 1, OSPF ina 110. Fundi akiandika njia ya sifuri ya Geita bila kuongeza namba, Geita itapitisha data yake yote kwenye redio nyembamba ya Mwanza kila siku, hata faiba ya Kahama ikiwa nzima, na itayatangazia matawi yote yafanye hivyo. Akiipa 200 mwishoni mwa mstari, mambo yanakaa sawa. Mstari wa akiba unazama chini ya tangazo la Kahama na hauonekani kwenye jedwali. Kwa kuwa njia ya sifuri inayotumika Geita wakati huo imetoka OSPF yenyewe, sharti la kutangaza halijatimia, nayo Geita hunyamaza. Siku Kahama itakapoondoa tangazo lake, mstari wa 200 utaibuka, sharti litatimia, na Geita itaanza kuita. Hakuna mtu aliyehitaji kuamka usiku. Kwa kazi ya mistari miwili na namba moja, huu ni miongoni mwa mipango iliyofikiriwa vizuri sana katika ufundi wa mitandao.

Sasa aje mtu wa tawi la Masumbwe, mwenye nia njema, aliyechoshwa na redio inayosuasua wakati wa mvua. Ananunua modemu ya laini ya simu na kuichomeka kwenye ruta ya tawi. Modemu inaipa ruta njia ya sifuri. Ruta hiyo, iliyonakiliwa mpangilio kutoka Kahama ili kuokoa muda, ina amri ya kutangaza. Tangazo la OSPF la namna hii kwa kawaida huanza na gharama 1, na gharama hiyo haiongezeki linapopita ruta nyingine. Yakiwepo matangazo mawili yenye gharama sawa, kila ruta huangalia mtangazaji yupi yuko karibu nayo zaidi. Matokeo yake, ruta zilizo jirani na Masumbwe huanza kumiminia modemu mzigo wao, ilhali zilizo karibu na Kahama haziguswi. Wa tawi moja wanalia, wa tawi la pili wanasema mtandao uko sawa, na fundi anazunguka akitafuta redio mbovu ambayo haipo. Tiba ni kutoipa amri ya kutangaza ruta isiyo mlango rasmi, kuwapa watangazaji halali gharama tofauti, 10 kwa mkuu na 100 kwa wa akiba, na kuweka nenosiri kati ya majirani wa OSPF ili sanduku lolote lililochomekwa tu lisikubaliwe kuwa ruta ya nyumba.

Turudi Mei 2024, kwa sababu siku ile ilionyesha udhaifu ambao mpango huu wa Kahama na Geita bado haujauziba. Faiba inayotoka Kahama ilikatika wapi? Haikukatika. Waya uliokatika ulikuwa baharini, kusini ya mbali. Mlango wa ruta katika hali kama hiyo huendelea kuwaka taa ya kijani, mstari wa mkono hubaki kwenye jedwali, tangazo huendelea, na sharti zuri lililosifiwa hapo juu linatimia kila sekunde huku pakiti zikifia njiani. Ruta inajua habari za mlango wake tu. Haijui habari za bahari.

Hatua ya kwanza ambayo wengi huchukua ni kuiambia ruta impigie pingi jirani. MikroTik ina kipengele hicho: kila baada ya sekunde 10 humuuliza jirani kama yupo, na majibu yakikosekana mara mbili njia huhesabiwa kufa. Kinasaidia pale mnara wa karibu unapozimika. Kwa ajali ya baharini hakisaidii, kwa sababu ruta ya mtoa huduma pale Kahama au Shinyanga itajibu pingi kwa furaha. Inabidi pingi ivuke. Fundi huchagua anwani mbili au tatu zilizo nje, anazifungia njia ya kupitia faiba pekee, kisha anaufanya mstari wa sifuri utegemee majibu yake. Anwani mbili au tatu, si moja, kwa kuwa mwenye anwani hiyo moja anaweza siku yoyote kuamua kutojibu pingi, na mtandao mzima wa Geita ukahama mlango kwa sababu ya uamuzi wa mtu wa California.

Hatua nzito zaidi ni kuzungumza na mtoa huduma kwa BGP, itifaki ambayo kampuni na nchi hutumia kuambizana njia. Watoa huduma wengi wako tayari kumtumia mteja njia ya sifuri kwa itifaki hiyo, naye huridhika akidhani kwamba siku mtoa huduma akikosa njia ya nje, tangazo litaondoka lenyewe. Katika ruta za Cisco haliondoki. Amri ya kumtangazia jirani njia ya sifuri kwa BGP, ikiandikwa bila masharti, hutuma tangazo hilo hata kama mtangazaji hana njia hiyo kabisa. Mteja wa Kahama anaweza kukaa na tangazo zuri, la itifaki ya kisasa, lenye uongo ndani yake. Yafaa swali hili liulizwe mezani siku ya kusaini mkataba: tangazo lenu la njia ya sifuri limefungwa kwenye sharti gani? Mtoa huduma makini hulifunga kwenye uhai wa njia fulani anazozipokea kutoka ng'ambo; zikipotea, tangazo linaondoka. Mteja akipenda, anaweza pia kuomba atumiwe sehemu ya njia za dunia, kiasi ambacho ruta yake inamudu, ajionee mwenyewe.

Mlango wa pili nao uchunguzwe. Kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zinapita waya mmoja. Redio ya Geita hadi Mwanza, kisha faiba hadi Dar es Salaam, kisha SEACOM, ni mlango wa pili kwa ajali ya barabarani Kahama. Kwa ajali ya 12 Mei ni mlango uleule. Tofauti ya kweli ingepatikana kwa njia ya nchi kavu kuelekea Kenya, kwa mfano kupitia Namanga, hadi Mombasa, ambako kuna waya wa TEAMS uliowashwa mwaka 2009 na unaoelekea Fujairah katika Falme za Kiarabu bila kugusa Bahari ya Shamu. Satelaiti ya zamani iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta nayo haijui habari za nyaya za baharini. Kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, na bei yake inauma, lakini kwa namba ya malipo na ujumbe wa benki nusu sekunde si kitu.

Fundi awaambie pia watu wa dirishani kitu kimoja: mlango ukibadilika, anwani ambayo mtandao wa ofisi unaonekana nayo nje hubadilika pia. Mtunza fedha aliyekuwa katikati ya muamala atatolewa nje ya mfumo na itabidi aanze upya. Hilo si hitilafu mpya.

Njia ya sifuri ina ubaya wake mwingine, wa kimyakimya. Mtoa huduma amempa mteja kundi la anwani 256 na kuelekeza kundi lote kwake. Mteja ametumia 40. Mtu wa mbali, au programu inayopekua intaneti usiku kucha, inatuma pakiti kwenye mojawapo ya zile 216 zisizotumika. Mtoa huduma anaipeleka Kahama. Kahama haina mstari wa anwani hiyo, basi inatii njia ya sifuri na kuirudisha kwa mtoa huduma, naye anairudisha Kahama. Pakiti huzunguka hadi hesabu yake ya uhai iishe, na hesabu hiyo mara nyingi huanza na 64 au 128, na inaweza kufika 255. Pakiti moja imekula nafasi ya makumi. Kwenye faiba mtu hataona. Kwenye redio ya Mwanza ataona. Dawa ni mstari mmoja unaosema kwamba kundi zima la anwani za nyumba, pale ambapo hakuna njia ndogo zaidi, litupwe hapahapa.

Na kuna ruta ambazo hazitakiwi kuwa na njia ya sifuri hata kidogo. Eneo hili huchenjua dhahabu kwa sayanaidi, katika migodi mikubwa na katika mitambo ya wachimbaji wa kati. Pampu, vali na mizani ya kemikali katika mitambo ya kisasa huendeshwa na kompyuta ndogo zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani. Mtandao huo una orodha fupi inayojulikana ya mahali unapozungumza nako: chumba cha udhibiti, mashine ya kuhifadhi kumbukumbu, basi. Kila kisichojulikana huko ni kitu cha kukataliwa, kwa hiyo ruta yake iandikwe njia hizo chache tu na isipokee tangazo la sifuri kutoka upande wa ofisi. Mara kadhaa njia hiyo huingia kwa bahati mbaya, siku ruta ya mtambo inapounganishwa kwenye OSPF ya ofisi ili meneja aone ripoti ya uzalishaji kwenye simu. Tangazo linaingia pamoja na ripoti. Kuanzia dakika hiyo pampu ya sayanaidi ina njia ya kuelekea dunia nzima, na hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo.

Jambo la mwisho ni la majirani. Kwa kuwa njia ya sifuri huelekea baharini, hupeleka baharini hata kisichohitaji kwenda huko. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Geita mjini hadi nyingine iliyo mtaa wa pili, zikiwa na watoa huduma tofauti, inaweza kusafiri hadi Dar es Salaam na kurudi. Kabla Tanzania haijawa na kituo cha kubadilishana data, TIX, safari kama hizo zilipitia satelaiti hadi Ulaya au Marekani. Katika vituo vya aina hii kampuni hupeana njia za wateja wao, zile mahususi, na kwa kuwa njia mahususi huipita ile ya sifuri, data ya nyumbani hubaki nyumbani hata nyaya za baharini zikikatika. Lakini kituo hicho kina mwiko wake: asitokee mwanachama akaelekeza njia yake ya sifuri kwa jirani aliyekutana naye pale. Kufanya hivyo ni kumbebesha mzigo wa kwenda dunia nzima mtu aliyekubali kupokea barua za nyumba yake tu, na ni wizi, hata kama ruta yake itaubeba bila kulalamika. Mei 2024, kwa wateja ambao mtoa huduma wao ana njia nzuri za ndani, kilichokuwa kimehifadhiwa nchini kilikuwa na nafasi ya kufikika wakati cha ng'ambo hakifikiki. Kila mfumo wa malipo au wa hospitali unaowekwa nchini, na kila njia mahususi inayotangazwa kwenye vituo hivi, hupunguza mzigo wa mstari wa sifuri kule Katoro.

Mpango wote huu ujaribiwe usiku, soko likiwa limefungwa, kwa njia mbili tofauti. Kwanza fundi achomoe faiba ya Kahama, ahesabu sekunde mpaka Kakola ipate Mwanza. Kisha aichomeke, na safari hii aiache taa ya kijani ikiwaka huku akizuia tu zile anwani za nje zinazopigiwa pingi, kwa maana ajali ya baharini hufanana na jaribio hili la pili, na ndilo ambalo watu huliruka. Arudishe kila kitu na asubiri dakika chache kabla ya kuiruhusu Kahama ishike tena uongozi, faiba inayowaka na kuzima isije ikawarusha wateja huku na huku. Halafu, kwenye ruta za Cisco, ahifadhi mpangilio kwenye kumbukumbu ya kudumu. Mstari ulioandikwa na kufanya kazi vizuri wiki tatu bila kuhifadhiwa hufutika umeme wa TANESCO ukikatika na betri ikaisha, na ruta itawaka asubuhi ikiwa na mpangilio wa zamani, pamoja na lile neno always lililoachwa tangu siku ya kwanza.